Beki Huyu Anastahili Jozi ya Kwanza? Mwongozo Kamili wa Kumpima Beki wa Hoki ya Barafuni

Timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, huvalisha mabeki sita kwa kila mchezo, nao hupangwa wawili wawili katika jozi tatu. Jozi ya kwanza ndiyo inayoingia barafuni mara nyingi zaidi, ndiyo inayokabidhiwa washambuliaji wakali wa upande wa pili, na ndiyo kocha anayoigeukia dakika za mwisho, goli likitafutwa au likilindwa. Ligi ina timu 32, kwa hiyo nafasi hizo ni 64 tu. Ukisema beki fulani anastahili kuwamo, umesema mambo mawili kwa mpigo: kwamba anaimudu kazi hiyo, na kwamba katika timu yake hakuna wawili wanaoimudu kumzidi.

Mabishano mengi huanzia kwenye pointi (magoli na pasi zilizozaa magoli), urefu au mshahara wa mchezaji. Mimi nashikilia swali moja. Anapokuwa barafuni dhidi ya watu wazuri, kisahani kinakaa upande gani wa uwanja, na je, ni yeye anayekipeleka huko au anabebwa na mwenzake? (Kisahani ni kile cheusi cha mpira mgumu kinachochezewa.) Kila hatua iliyoko hapa chini ni njia ya kulijibu swali hilo.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kumwandika mtu

Mchezo una dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20. Beki wa jozi ya kwanza kwa kawaida hucheza dakika 22 hadi 26. Wa jozi ya tatu hubaki kwenye 14 hadi 17. Katika mtoano wa 2015, Duncan Keith wa Chicago Blackhawks alicheza wastani wa zaidi ya dakika 31 kwa mchezo, akatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, pamoja na Tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano. Hicho ni kilele, wala hakuna haja ya kumdai kila beki afike huko, lakini kinaonyesha mzigo wa nafasi hii unaweza kuwa mzito kiasi gani.

Dakika peke yake hazitoshi. Kazi ina sehemu nne: kukifuata kisahani kilichotupwa nyuma na kukitoa salama katika ukanda wetu (sehemu ya uwanja yenye goli letu), kuwazuia wapinzani wasivuke mstari wa bluu unaofungua ukanda huo wakiwa nacho, kulinda mbele ya goli wakishaingia, na kuendeleza shambulizi la kwetu. Nimezipanga hivyo kwa makusudi. Mbili za kwanza hujirudia usiku kucha, nazo ndizo zinazosahaulika, kwa kuwa zikifanywa vizuri huonekana kama hakuna lililotokea.

Kumbuka pia kwamba jozi ni watu wawili. Colorado Avalanche walitwaa Kombe la Stanley mwaka 2022 wakiwa na Cale Makar na Devon Toews katika jozi ya kwanza. Makar, aliyepata Tuzo ya Norris ya beki bora wa ligi na ya Conn Smythe mwaka huohuo, hupanda na kisahani hadi kwenye ukanda wa wapinzani; Toews husoma mwendo wake na kuziba nafasi anayoiacha. Jaccob Slavin wa Carolina Hurricanes hajafikisha pointi 50 katika msimu wowote, na bado kwa miaka mingi ndiye anayetumwa kuwakaba wakali wa timu nyingine. Kwa hiyo kabla ya kumpima beki wako, andika kwa sentensi mbili au tatu jozi ya timu yako inapungukiwa na nini. Ikiwa tayari yupo mtu wa kupanda, unayemtafuta ni mtu wa kumkamilisha, na mizani itabadilika.

Hatua ya 2: Zisome dakika zake

NHL imekuwa ikirekodi muda wa kila mchezaji barafuni tangu msimu wa 1997-98, na leo tovuti kama Natural Stat Trick huuonyesha bure ukiwa umegawanywa kwa hali ya mchezo. Ugawe namna hiyo. Beki mwenye dakika 24 kwa jumla anaweza kuwa amepata nne kati ya hizo timu yake ikiwa na watu wengi, wapinzani wakiwa wametoa mtu kwa adhabu. Ukiziondoa, pengine ni wa tatu au wa nne kwa muda wa tano kwa tano, yaani kila timu ikiwa na wachezaji watano mbali na kipa. Panga mabeki wote wa timu kwa muda wa tano kwa tano, kisha kwa muda wa kucheza pungufu, timu yao ikiwa imetolewa mtu kwa adhabu. Orodha hizo mbili zitakuambia kocha anamwamini nani, kabla hujasikia neno lake kwa waandishi.

Kisha angalia anacheza dhidi ya nani. Hapa kuna njia rahisi ninayoipenda sana: linganisha michezo ya nyumbani na ya ugenini. Mchezo ukisimama, timu mgeni hutangulia kuingiza wachezaji na mwenyeji hufuata, kwa hiyo kocha wa nyumbani ndiye anayechagua nani akabane na nani. Kama nyumbani beki wako hukutana kwa muda mrefu na safu ya kwanza ya wapinzani, kocha wake amemtaka huko. Kama nyumbani anafichwa na ugenini ndiko anakokutana nao, basi kocha wa upande wa pili ndiye anayemtafuta, na hilo ni jambo la kutia wasiwasi. Usitarajie kumwona dhidi ya wakali kila dakika. Hata beki bora wa ligi hawezi, kwa sababu wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea.

Kuhusu mahali anapoanzia zamu zake, usihangaike kupita kiasi. Ni kweli kwamba beki anayeanza mara nyingi karibu na goli lake ana kazi ngumu zaidi. Lakini zamu nyingi haziandamani na mpambano wowote wa kuanzisha mchezo, mtu anaruka tu ukuta na kuingia. Itumie namba hiyo kusahihisha hukumu kidogo, isiwe utetezi wa kila kosa.

Hatua ya 3: Weka kando namba zinazopotosha

Ya kwanza ni jumla-na-toa, ile inayompa mchezaji alama moja timu yake ikifunga akiwa barafuni na kumnyang'anya moja ikifungwa. NHL imeirekodi rasmi tangu 1967-68. Magoli yanayofungwa na timu yenye watu wengi hayahesabiwi, ila yanayofungwa na timu iliyo pungufu yanahesabiwa, na yale ya goli tupu pia. Fikiria maana yake: timu iko nyuma, kipa ametolewa ili aongezwe mshambuliaji, na kocha anamwingiza beki anayemwamini zaidi. Wapinzani wakipiga kutoka mbali na kufunga goli tupu, beki huyo ndiye anayeandikiwa hasara. Anaadhibiwa kwa kuaminiwa. Zaidi ya hayo, namba hii humbebesha makosa ya kipa na ukame wa washambuliaji.

Ya pili ni pointi. Msimu wa 2022-23 Erik Karlsson alipata pointi 101 akiwa na San Jose Sharks, beki wa kwanza kufika 100 tangu Brian Leetch msimu wa 1991-92, akapewa Tuzo ya Norris. Jumla-na-toa yake msimu uleule ilikuwa hasi 26, katika timu iliyoshindwa mara nyingi. Mtu anayesoma namba moja tu kati ya hizo mbili atakuwa anamzungumzia mchezaji ambaye hayupo. Pointi zinahitaji kuchambuliwa: ngapi ni za tano kwa tano, ngapi ni pasi ya mwisho kabla ya goli, na ngapi ni pasi ya kabla ya hiyo, ambayo mara nyingi ni kumgongea mwenzake kisahani nyuma halafu mwenzake akafanya kazi yote.

Vikumbo na mashuti yaliyozuiwa kwa mwili nitayapita haraka. Huwezi kumpiga mtu kikumbo halali isipokuwa kisahani kiko kwake, wala huwezi kuzuia shuti isipokuwa wapinzani ndio wanaopiga. Beki mwenye wingi wa namba hizi anaweza kuwa shujaa, au anaweza kuwa mtu anayeshinda katika ukanda wake mwenyewe. Namba haisemi ni yupi.

Hatua ya 4: Chukua namba zinazopima uwanja ulivyoinama

Anza na Corsi, iliyopewa jina la Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres. Inahesabu kila jaribio la kupiga goli: lililoingia, lililodakwa, lililokosa na lililozuiwa njiani. Ukichukua majaribio ya timu yake akiwa barafuni ukayagawanya kwa majaribio yote ya pande mbili, unapata asilimia. Juu ya 50 maana yake kisahani kilikaa zaidi upande wa wapinzani.

Kisha ongeza magoli tarajiwa, ambapo kila shuti hupewa uzito kwa umbali, pembe, aina ya pigo, na kama limetokana na kisahani kilichomrudi kipa. Kwa beki nahitaji zote mbili. Corsi hutulia mapema kwa sababu matukio ni mengi. Magoli tarajiwa hueleza kama mashuti anayoyaruhusu yanatoka pembezoni au katikati mbele ya kipa. Beki anayeshindwa kwa Corsi lakini akashinda kwa magoli tarajiwa pengine anawasukuma watu pembeni na kuwaachia wapige kutoka mbali. Hiyo ni kazi halali.

Unapozisoma, zingatia mambo haya. Tumia tano kwa tano peke yake. Chagua namba zilizorekebishwa kwa hali ya matokeo, kwa kuwa timu iliyo nyuma hupiga zaidi na iliyo mbele hurudi kulinda, na beki wa timu inayoongoza mara kwa mara ataonekana dhaifu bila kosa lake. Linganisha na mabeki wenzake wa timu hiyohiyo, maana asilimia 51 katika timu yenye 56 ni habari mbaya, na 49 katika timu yenye 44 ni habari njema. Halafu tenga kinachopatikana na kinachoruhusiwa, kila kimoja kwa dakika 60. Mabeki wawili wanaweza kuwa na asilimia 50 sawasawa, mmoja kwa sababu magoli tarajiwa ni 3.2 kila upande, mwingine kwa sababu ni 2.1 kila upande. Hao si watu wa aina moja, wala hawafai kwa mwenzi wa aina moja.

Malizia kwa kuangalia bahati. Jumlisha asilimia ya mashuti ya timu yake yanayoingia na asilimia ya mashuti ya wapinzani yanayookolewa, akiwa barafuni. Jumla hiyo huitwa PDO na kwa muda mrefu huvutwa kuelekea 100. Beki aliye kwenye 104 baada ya miezi miwili amekuwa na kipa aliyewaka moto na washambuliaji waliolenga vizuri, na kwa sehemu kubwa hilo halitadumu. Aliye kwenye 96 ndiye wa kumtazama kwa jicho la huruma, kwani huenda anafanya kazi nzuri ambayo ubao wa matokeo haujaionyesha.

Na subiri namba zikue. Kwa dakika 18 za tano kwa tano kila mchezo, michezo 25 hukupa dakika 450. Hapo unaweza kuanza kusema jambo kwa sauti ya chini. Msimu mzima ni bora, miwili ni bora zaidi.

Hatua ya 5: Anabeba au anabebwa?

Hapa ndipo hukumu nyingi huvunjika, kwa sababu beki wa jozi ya kwanza hushiriki karibu kila zamu na mtu mmoja. Kama mtu huyo ni nyota, namba zote za Hatua ya 4 zimechanganyika na zake.

Njia ya kuwatenganisha ni kutafuta makundi matatu ya dakika: wakiwa pamoja, beki wako bila nyota, na nyota bila beki wako. Tuseme wakiwa pamoja wana asilimia 55 ya magoli tarajiwa kwa dakika 900. Beki wako bila nyota ana 47 kwa dakika 300. Nyota bila beki wako ana 56 kwa dakika 280. Picha ni wazi: nyota hahitaji huyu, na huyu akiachwa peke yake anazama. Sasa geuza: beki wako bila nyota ana 52, na nyota bila beki wako anashuka hadi 50. Umempata mtu ambaye hakuna anayemtaja, na ndiye anayeshikilia jozi.

Usiishie kwenye asilimia. Uliza dakika za kutengana zilitokea lini. Mara nyingi kocha huvunja jozi anapokuwa nyuma kwa magoli mawili, au mmoja akiwa ameumia, au mwishoni mwa zamu wakati mmoja ameshatoka na mwingine bado. Uliza pia bila nyota alicheza na nani. Kama ni kijana aliyepandishwa wiki hiyo kutoka ligi ya chini, 47 yake inasomeka vingine. Chini ya dakika 200 za kutengana, mimi huziacha kabisa.

Charlie McAvoy wa Boston Bruins ni somo zuri. Alianza maisha yake ya NHL kando ya Zdeno Chara, nahodha aliyekuwa amevuka miaka 40, na wengi waliuliza nani anamsaidia nani. Chara alipohamia Washington kabla ya msimu wa 2020-21, jibu lilikuja: McAvoy aliendelea kuongoza jozi ya kwanza na wenzi wengine. Brent Burns naye alitwaa Tuzo ya Norris mwaka 2017 akiwa San Jose, akicheza na Paul Martin, beki mtulivu aliyekaa nyuma ili Burns apande. Ukimwondoa Martin katika hesabu kwa sababu pointi zake ni chache, unaiharibu jozi iliyomzalisha mshindi.

Zipo pia hesabu kubwa, kama zile za Evolving-Hockey, zinazojaribu kukadiria mchango wa kila mtu kwa kuzingatia wachezaji wote kumi walio barafuni kwa wakati mmoja. Zitumie. Zinapata shida hasa kwa mabeki wawili wasioachana kamwe, maana hesabu haina dakika za kuwatenganisha, na hapo hugawa sifa kwa kubahatisha. Kwa watu wa namna hiyo macho yako yana kazi ambayo kompyuta haiwezi kuifanya.

Hatua ya 6: Mtazame yeye tu

Chagua michezo mitano na usichague mizuri. Chukua miwili ya ugenini dhidi ya timu zenye safu kali, mmoja wa siku ya pili mfululizo baada ya safari, mmoja ambao timu ililemewa, na mmoja wa kawaida. Usitumie vipande vya magoli. Kazi ya beki haiko humo. Chora karatasi yenye sehemu tatu na uweke alama kwa kila tukio.

Sehemu ya kwanza ni kukitoa kisahani. Tangu msimu wa 2005-06 kipa wa NHL haruhusiwi kukicheza nyuma ya mstari wa goli isipokuwa ndani ya eneo dogo lililochorwa nyuma ya goli lake, kwa hiyo kisahani kikitupwa kwenye kona ni mzigo wa beki. Kabla hajakigusa, tazama kichwa chake. Beki aliyekomaa hugeuza shingo kuangalia nyuma ya bega mara moja au mbili akiwa bado njiani, na anapofika tayari anajua presha inatoka wapi. Asiyefanya hivyo hukifikia kwanza, halafu ndipo aanze kufikiri, na tayari ameshabanwa ukutani.

Baada ya hapo andika matokeo: ametoka nacho kwa miguu au kwa pasi iliyomfikia mwenzake, amekitoa kwa kukigongesha juu ya kioo, kikaenda kwa yeyote, au ameshindwa na kisahani kimebaki humo. Weka alama ya pembeni kama alikuwa amekabwa kweli. Beki wa kwanza hutambulika kwenye zile zenye presha. Akizungushwa upande mmoja anasimama, anageuka, anampa mwenzake upande wa pili wa goli kabla wakabaji hawajabadili mwelekeo. Kukipiga juu ya kioo si dhambi mtu akiwa amechoka, lakini kikiwa ndiyo jibu lake la kwanza kila mara, washambuliaji wake hawatapata kisahani usiku mzima.

Hesabu pia mara anazokirusha kutoka nusu yake hadi kikavuka mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa. Mchezo husimama, unaanzishwa tena karibu na goli lake, na timu yake hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Kosa hilo halionekani popote katika takwimu za kawaida, na mara ngapi goli limefuata!

Sehemu ya pili ni mstari wa bluu. Eric Tulsky, mtafiti ambaye tangu 2024 ni meneja mkuu wa Carolina Hurricanes, alionyesha kwa kuhesabu mchezo baada ya mchezo kwamba kuingia ukanda wa wapinzani na kisahani kwenye gongo (fimbo ya kuchezea) huzaa takriban mara mbili ya mashuti yanayozaliwa na kukitupa kisha kukifukuzia. Basi kila mara mshambuliaji anapomjia beki wako, andika: ameingia nacho, amelazimika kukitupa, au amepokonywa. Uwiano wa haya matatu unamweleza beki kuliko vikumbo vyake vyote.

Ukitaka kujua kwa nini, tazama nafasi kati yake na mshambuliaji. Beki anayejiamini kwa miguu yake husimama karibu mapema, tangu katikati ya uwanja, gongo likiwa limetangulia kwenye njia ya pasi. Asiyejiamini hurudi nyuma, hurudi nyuma, hata mstari wa bluu unakuwa zawadi. Macho yake yawe kifuani kwa mshambuliaji, kwani kisahani kinaweza kudanganya na kiwiliwili hakiwezi. Angalia pia kama washambuliaji wake wanarudi kumsaidia. Beki hawezi kusimama imara mstarini akijua nyuma ya mpinzani hakuna anayekuja.

Sehemu ya tatu ni mbele ya goli, nayo ni ngumu kuihesabu. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni pasi inayokata katikati, kutoka upande mmoja wa kipa hadi mwingine: humlazimisha kipa kusogea, na shuti linalofuata ni la hatari kubwa. Gongo la beki liko chini kwenye njia hiyo, au liko hewani? La pili ni shuti likishapigwa. Beki wa kwanza humfunga mtu wake gongo kabla kisahani hakijamrudi kipa. Wengine hugeuka kukitazama kisahani, na mtu aliyekuwa nyuma yao anafunga.

Tenga jicho maalumu kwa kipindi cha pili. Timu huwa zimebadilishana upande na benchi liko mbali na goli linalolindwa, kwa hiyo aliyechoka hawezi kuchomoka kirahisi. Sekunde ya 50, ya 60, ya 70 ya zamu: je, bado anachagua pasi, au anajirusha chini na kuomba Mungu? Dakika 24 za jozi ya kwanza zina zamu nyingi za namna hiyo.

Unapoandika makosa, hukumu uamuzi kwanza, kisha matokeo. Pasi sahihi iliyomdundia mwenzake kwenye gongo haina uzito sawa na pasi ya kukata katikati ya ukanda wake mwenyewe iliyobahatika kupita.

Hatua ya 7: Hali za watu wengi na watu pungufu

Pima pembeni, usichanganye. Kuongoza shambulizi la watu wengi kutoka mstari wa bluu ni kipaji kikubwa, na timu inaweza kumpa kazi hiyo beki wa jozi ya pili au hata ya tatu bila kumpandisha. Kulinda wakiwa pungufu kuko karibu zaidi na swali letu, kwani kunadai gongo lenye akili na miguu isiyofukuza ovyo.

Hesabu pia adhabu anazozisababisha. Slavin alipewa Tuzo ya Lady Byng mwaka 2021 na tena 2024, tuzo ya uungwana ambayo mabeki huipata kwa nadra. Aliwakaba wakali wa ligi karibu bila kwenda kwenye kizimba cha adhabu. Beki anayeipa timu hasara ya dakika mbili kila usiku anawarudishia wapinzani nusu ya kazi yake.

Hatua ya 8: Mkono, umri na mwili

Wachezaji wengi wa NHL hushika gongo kwa kushoto, na mabeki wa kulia ni wachache. Hali hiyo huwapandisha wa kulia kwa uhitaji. Muulize beki wako anacheza upande wa mkono wake? Aliyehamishiwa upande wa pili hupokea kisahani ukutani kwa mgongo wa gongo, na kukitoa kunakuwa kugumu. Kama namba zake zilishuka mwaka aliohamishwa, usimhukumu kwa mwaka huo.

Mabeki hukomaa polepole kuliko washambuliaji. Nicklas Lidström alichaguliwa wa 53 katika uteuzi wa vijana wa NHL mwaka 1989 na kupata Tuzo ya Norris ya kwanza mwaka 2001, akiwa na miaka 31, kabla ya kufikisha tuzo saba. Mark Giordano hakuchaguliwa na timu yoyote akiwa kijana, akaitwaa mwaka 2019 akiwa na 35. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 anayeyumba jozi ya pili huenda yuko njiani tu. Kwa mwenye miaka 33 angalia kasi: NHL imeweka hadharani vipimo vya mwendo wa wachezaji kupitia NHL EDGE tangu 2023. Idadi ya mbio zake za kasi ikipungua kwa misimu miwili mfululizo, mstari wa bluu utaanza kumponyoka hata kama akili yake ya mchezo haijapungua.

Hatua ya 9: Linganisha na waliopo, halafu mjaribu

Sasa weka mabeki wote sita mezani kwa hatua hizihizi. Wapo wanaoimudu jozi ya kwanza popote pale, na wapo walioko humo kwa sababu timu haina mwingine. Wa aina ya pili si wabaya. Wamevikwa kiatu kikubwa, na namba zao zitapanda siku watakaposhushwa nafasi moja. Ukimkuta beki aliyezama jozi ya kwanza katika timu dhaifu, rudi kwenye karatasi ya Hatua ya 6. Kama anatoa kisahani vizuri akiwa na presha na analinda mstari wa bluu, lakini asilimia zake ni mbovu, tatizo huenda liko kwa wanaopokea pasi zake.

Kumbuka pia jozi nyingine. Kumpandisha mtu kunaacha pengo nyuma yake, na timu inayopata kidogo jozi ya kwanza ikapoteza sana jozi ya pili imerudi nyuma.

Ukiwa na mamlaka ya kupanga, au ukitaka tu kujua kama kocha amefanya vema, fuatilia jaribio la michezo 10 hadi 15 kwa mpangilio huu. Mpandishe akiwa na mwenzi anayemkamilisha, aanze nyumbani ambako kocha anaweza kuchagua wapinzani wake, dakika zake za tano kwa tano zikipanda kwa mbili kisha kwa tatu. Michezo ni michache mno kuamini magoli, kwa hiyo usiyatazame. Tazama kama asilimia ya kutoka na kisahani akiwa na presha imebaki ilivyokuwa jozi ya pili, kama washambuliaji wakali wanaingia nacho kwake mara nyingi kuliko kwa aliyemtangulia, na kama mwenzake anacheza kwa uhuru au ameanza kukaa nyuma kumlinda. Hilo la mwisho lipe uzito mkubwa. Mwenzi aliyeacha kupanda ameshaona jambo kabla halijafika kwenye namba. Wakati huo mrudishe jozi ya pili, mwachie dakika zake za kulinda wakiwa pungufu, na umpime tena baada ya michezo 40.